Kata kama kanzu: pajama ya leso kwa usiku wa joto

Mwezi wa Machi, kaskazi imeshachoka na kusi haijaingia, Lamu hulala macho. Usiku hauteremki sana chini ya digrii 25, unyevu umejaa hewani, na stima ikikatika pangaboi huzunguka mara mbili tatu za mwisho, likasimama. Chumba changu kiko juu, chini ya mabati. Mabati hayo hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku.

Nilikuwa na pajama ya dukani. Kola, vifungo, mfuko kifuani, kila kitu kama shati la ofisini. Siku moja ami yangu, ambaye alishona kanzu miaka mingi, aliikuta imeanikwa. Akaishika kwapani, akaivuta kidogo, akasema, "Mwanangu, hii imekatiwa mtu asiyeinua mkono." Kisha akaiacha kambani kama aliyeshika samaki aliyeoza.

Maneno yale ndiyo mwongozo wote huu. Nguo ya kulalia wakati wa joto haipoi kwa wepesi wa kitambaa peke yake. Hupoa kwa nafasi iliyobaki kati ya kitambaa na ngozi, hewa ipite. Mafundi wa pwani walilijua hilo zamani: kanzu hukatwa kwa vipande vilivyonyooka, badani pana, yaani kipande cha kiwiliwili, na kikwapa, kipande kidogo cha mraba, chini ya mkono. Hata neno pajama lenyewe asili yake ni Kiajemi, *pay* ni mguu na *jama* ni nguo. Lilikuwa jina la suruali pana ya kamba, wala halikuhusiana na kola.

Basi tutakata kama kanzu, na kitambaa chetu ni leso, au kanga kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania. Doti moja hutoa seti nzima, suruali kutoka leso moja na shati kutoka ya pili, na mabaki yote yakapata kazi.

Kuchagua leso

Leso nzuri ni pamba tupu. Siku hizi sokoni zimejaa za poliesta, au za mchanganyiko, na kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa sababu mpya zote hupakwa wanga zikang'aa. Mimi niliwahi kuuziwa moja kwa kiapo kuwa ni pamba. Usiku wa kwanza nilihisi nimejifunga mfuko wa nailoni.

Chomoa nyuzi tatu nne pembeni, zisokote pamoja, zishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, uziwashe. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini ya kijivu, ukiyagusa yanapeperuka. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, hutoa harufu kali ya plastiki, na mwisho hubaki tone gumu jeusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili. Ukiona tone, hata dogo, leso hiyo ivae mchana ukaendee sokoni.

Angalia pia maua yake. Kwenye shati, kitambaa kitakunjwa begani, yaani mgongoni maua yatapinduka. Tena tutalikata kwa urefu wa leso, kwa hiyo yatalala ubavu. Leso ya korosho au ya madoadoa haina shida. Leso yenye jogoo wawili itakupa jogoo waliolala, na wa mgongoni watakuwa wamelalia ubavu wa pili.

Kama hutaki leso, melimeli au poplini nyepesi zinafaa, mita nne zinatosha. Bafta nyeupe pia ni nyepesi na hunywa jasho vizuri, lakini kwetu ina kazi yake nyingine. Nilipoileta nyumbani mama mkubwa aliniuliza, "Hii ni nguo ya kulala au ya kulazwa?" Niliirudisha dukani siku ileile.

Osha kabla ya mkasi kuiona

Hatua hii watu huiruka, halafu suruali ikifuliwa mara mbili inakuwa ya mdogo wao. Pamba isiyooshwa hujirudi. Tenganisha leso mbili, ziloweke usiku mmoja kwenye maji baridi, zifue kwa sabuni, zianike kivulini, uzipige pasi zikiwa na unyevu kidogo. Rangi ikichuja, fua tena hadi maji yatoke meupe, maana jasho la usiku litakuchujia mashuka. Wanga ukishatoka ndipo utaijua leso: inue dirishani, na ukiona kivuli cha vidole vyako ng'ambo ya pili, hewa nayo itapita.

Zangu zilinunuliwa zikiwa karibu sentimita 150 kwa 110. Baada ya kufuliwa kila moja ilikuwa 147 kwa 107. Hesabu zote hapa chini zinafuata vipimo hivyo. Wewe pima zako.

Vipimo vya mwili

Vinatosha vinne: nyonga mahali palipo panene zaidi, kifua, urefu kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu, na kina cha kukaa. Hicho cha mwisho hupimwa umekaa kwenye kiti kigumu, kutoka kiunoni kushuka ubavuni hadi kwenye kiti.

Mimi nyonga ni 104, kifua 100, urefu 99, kina cha kukaa 27.

Upana wa kila mguu wa suruali ni nyonga, ongeza 24 za nafasi, gawa kwa mbili, ongeza 3 za mishono. Yangu ikatoka 67. Upana wa badani ni hesabu ileile kwa kifua: 65. Usizipunguze zile 24. Najua mkono utawasha, kwa sababu juu ya meza kipande kinaonekana kama cha jirani mnene. Kiache hivyo. Nyonga hadi 117 hutoka kwenye leso moja. Ukizidi hapo, ongeza kipande chembamba ubavuni, ambacho kwenye kanzu huitwa taharizi na hakuna anayekionea haya.

Suruali

Tandaza leso ya kwanza, upande mzuri juu, jina likisomeka mbele yako. Miguu miwili husimama kwa urefu wa 107: pindo la juu litakuwa kiunoni na pindo la chini, pamoja na jina, litazunguka vifundo. Fundi mkali atakwambia nyuzi za urefu wa kitambaa zinafaa kwenda na urefu wa mguu, na hapa zinauvuka. Kwa suruali ya harusi angekuwa na haki. Kwa ya kulalia, yenye upana huu, hutaona tofauti.

Sasa jina. Leso yangu iliandikwa WEMA HAUOZI, na mstari wa kukata unapita katikati yake. Miguu miwili inachukua 134 kati ya 147, kwa hiyo nilikuwa na 13 za kuchezea, nikausogeza mstari hadi kwenye nafasi kati ya maneno mawili. Matokeo yake mguu wa kulia unasema WEMA, wa kushoto HAUOZI, na nikisimama miguu pamoja methali inakamilika. Ukiachia mkasi upite popote utatembea na "WEMA HA" huku na "UOZI" kule. Vipande vinavyobaki pembeni usitupe, ndivyo kamba ya kiuno.

Ongeza kipande kimoja cha mraba, 16 kwa 16, kutoka leso ya pili. Hiki ni kikwapa cha msamba. Suruali ya miguu iliyonyooka bila kikwapa hupasuka hapo siku ya kwanza utakayokunja miguu kitandani. Ikiwa nacho hukaa kama suruali za wazee.

Mshono wetu mkuu ni wa mara mbili, unaoficha nyuzi. Laza vipande migongo ikitazamana, yaani uzuri nje, ushone nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zinazochomoza, pindua, piga pasi, kisha shona tena kwa ndani sentimita moja kutoka kwenye mkunjo. Ukingo mbichi umefungiwa humo. Kwa shati la mchana ni urembo, kwa ngozi yenye vipele vya joto ni lazima. Sindano namba 70 au 80, hatua ya mshono milimita 2 na nusu. Cherehani ya mguu inafaa kuliko ya stima, na sababu unaijua.

Anza na mbele. Unganisha vipande viwili kwenye ule mstari uliopita katikati ya jina, kutoka juu kushuka 34 tu, kisha simama na urudishe mshono ukaze. Hiyo 34 ni kina cha kukaa 27, ongeza 3 za raha, ongeza 4 za nefa, ule mkunjo wa kiunoni wa kupitishia kamba. Fanya vivyo hivyo nyuma kwa kingo mbili za nje. Sasa una kitu kama sketi iliyopasuliwa mbele na nyuma.

Kikwapa hushonwa mshono wa kawaida, mara moja, sentimita 1.5, kisha kingo zake zizungushiwe uzi kwa mkono au kwa zigizaga. Usijaribu mshono wa mara mbili kwenye pembe hizi. Nilijaribu, nikafumua hadi usiku wa manane. Pembe moja ya mraba iweke pale mshono wa mbele ulipoishia, pembe ya mkabala pale wa nyuma ulipoishia. Pande zake nne zinashuka na kingo nne za miguu, kila upande sentimita 13. Piga bandi kwanza, kwa uzi wa rangi nyingine na hatua kubwakubwa. Kila pembe simamisha cherehani sindano ikiwa ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza, endelea. Pembe mbili zilizobaki ndipo mishono ya ndani ya miguu inapoanzia, nayo ishuke hadi chini kwa mshono wa mara mbili.

Vaa hivyo hivyo, shikilia kiunoni, chuchumaa. Ikikubana sasa, fumua mshono wa mbele na wa nyuma sentimita mbili, uongeze ukubwa wa kikwapa. Baada ya nefa hutapata nafasi.

Nefa kunja sentimita 1, kisha 3. Mbele shusha mkunjo sentimita 2 zaidi ukielekea katikati, kwa sababu nyuma pana mwili mwingi na ukikaa kitambaa huvutwa. Hapa nilikosea suruali ya kwanza: nilishusha upande wa nyuma, na kwa kuwa vipande hivi havina mbele wala nyuma mpaka ukate shauri, jina likahamia nyuma. Dada yangu alinifuata ngazini akisoma.

Lastiki au kamba? Lastiki ni rahisi, na nusu ya watu watakaoishona watatia lastiki. Mimi nimeiacha. Hubana palepale usiku kucha, jasho hukaa chini yake, asubuhi una mkanda wa vipele. Kamba hulegezwa ukiwa umelala, macho yamefumba. Unga vipande vya pembeni kupata kama mita moja na nusu, upana sentimita 5, kunja iwe matabaka manne, shona kando. Unaposhona nefa, acha 3 bila kushona hapo mbele katikati. Kamba itapita na kutokea kwa ndani. Ipitishe kwa pini, na ishonee katikati ya nyuma mishono michache isije ikachomoka kwenye kufua.

Chini ya miguu, ukingo wa leso umefumwa kiwandani wala hauchomoki nyuzi. Kunja mara moja, sentimita 3, shona. Au usikunje kabisa, hakuna atakayekushtaki.

Shati

Leso ya pili ilaze vilevile. Katikati kata badani moja, 65 kwa urefu wote wa 147. Juu na chini yake vitabaki vipande viwili virefu vya 21. Badani ikikunjwa katikati ya urefu, mkunjo ni mabega, na mapindo ya pembeni yanaangukia kwenye mikunjo ya chini, mbele na nyuma, yamekwenda sawa bila wewe kufanya lolote.

Kipande cha juu, kisicho na jina, kata mikono miwili ya 42 kila mmoja. Pindo la leso liwe mwisho wa mkono. Unaona ufupi wa 21 ukaogopa, lakini bega la shati hili linateremka lenyewe, mkono utafika karibu na kiwiko. Kinachobaki kata hanamu, yaani mshazari, vipande vya upana wa sentimita 3, viunge kupata kama 75 vya kuzungushia shingo. Hanamu ni lazima, maana kitambaa kilichokatwa wima hakizunguki duara bila kukunjamana.

Kipande cha chini kitoe ule mraba wa msamba, vikwapa viwili vya 11 kwa 11, na mfuko kama unautaka. Wangu nilikata neno WEMA, nikalishona pajani. HAUOZI liko kwenye boksi la viraka, linangoja mto.

Shingo. Punguza mwendo hapa. Weka alama katikati ya mkunjo wa bega. Pima 9 kila upande, kwa jumla 18. Nyuma chonga sentimita 2 tu, mbele 9, na kutoka hapo pasua mstari wa 12 kushuka kifuani kama kanzu, kichwa kipite. Chora kwa chaki upande wa mbele na wa nyuma kila mmoja peke yake, kitambaa kikiwa kimetandazwa. Mara ya kwanza nilikunja nikakata pande zote mbili pamoja, 9 mbele na 9 nyuma, na shati lile halijawahi kukaa begani hadi leo. Shonea hanamu kuzunguka, uzuri kwa uzuri, nusu sentimita, geuza ndani, kunja ukingo, shona kwa mkono. Chini kabisa ya mpasuo, unyooshe kama mstari mmoja unapopita, kisha rudi utie mishono mitatu ya mkono hapo kwenye pembe, kwa sababu ndipo panapochanika.

Mikono huungwa badani ikiwa bado imetandazwa. Katikati ya mkono ikutane na mkunjo wa bega, shona, lakini simama 1.5 kabla ya kila mwisho. Halafu kikwapa: upande mmoja kwenye ukingo wa chini wa mkono, upande wa pili kwenye ubavu wa badani, mbele, kisha pande mbili zilizobaki vivyo hivyo nyuma. Ni kazi ileile uliyoifanya msambani, ndogo zaidi, na mkono umeshazoea. Maliza kwa mshono mmoja kutoka mwisho wa mkono hadi kikwapani, na mwingine kutoka kikwapani kushuka ubavuni. Acha sentimita 15 za mwisho wazi kila ubavu, kama kanzu fupi. Ukijigeuza kitandani shati halitajisokota mwilini.

Pinda chini sentimita 2 na nusu, maana hapa ni mkato wa pembeni wa leso na nyuzi zake huchomoka.

Kabla ya kukata uzi wa mwisho, vaa, simama, inua mikono miwili juu kama unayefunga chandarua. Shati likibaki pale lilipo tumboni, vikwapa vimekaa. Likipanda hadi kitovuni, kimoja umekishona kimejikunja. Kitafute kwa kidole, kwa kawaida ni kwenye ile pembe inayokutana na mkono.

Ami nilimpelekea ya kwanza akiwa barazani. Hakusema kitu kuhusu maua wala jina. Alitia mkono ndani ya mkono wa shati, akaupinda, akatazama kikwapa kwa muda, akafumua mishono miwili kwa ukucha. "Hapa rudia," akasema, akanirudishia.